Mbwa Mkavu

Kamanda alikufa siku ya jua. Naliweka hilo mbele kabisa kwa sababu najua angependa lijulikane: hakufa kwa radi, wala hakufa kwa woga. Alikufa Jumanne mchana chini ya mlimao wetu wa Pongwe, na juu hapakuwa na wingu hata la kufutia machozi. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka bwenini. Nilikwenda kumpelekea ugali wake nikamkuta amelala vizuri kuliko alivyowahi kulala maishani mwake. Baba alichimba shimo. Alipomaliza akafuta jembe kwa majani, akaniambia, "Beti, kesho uende Mwera ukamwambie Bi Mwanaidi. Kwa simu si adabu." Ndivyo nilivyojikuta njiani kwenda Pangani, msichana mzima wa kidato cha sita, nimebeba taarifa ya msiba wa mbwa nikampelekee bibi wa Kiislamu ambaye hajawahi kumgusa mbwa hata kwa ncha ya fimbo. Na njia nzima nikawa nafikiria mwaka ule nilipokuwa kidato cha pili.

Najua mnachotaka kusema. Mwalimu wetu wa Kiswahili alishakisema: kumbukumbu za maisha huandikwa na watu waliokula chumvi nyingi. Nikamjibu kwamba maharage ya bweni letu yana chumvi ya kumzeesha mtu kwa muhula mmoja. Akanitoa nje, na huko nje ndiko nilikoanza kuandika haya. Ukoo wangu nitauruka. Babu alishuka milimani kuja kukata mkonge, akabaki. Kila mtu wa Pongwe asiye wa pwani ana babu wa namna hiyo, kwa hiyo chukueni wa jirani yenu mumweke hapa, hataharibu kitu. Ninachotaka kuwaonyesha ni sebule yetu ya mwaka ule. Ilikuwa na meza kubwa ya mninga, televisheni iliyovalishwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, na kioo kirefu ukutani ambacho mama alikipata kwenye biashara yake ya mitumba kule Usagara. Mlango wa mbele uliangalia barabara. Wa nyuma uliangalia uani, na mwisho wa ua kulikuwa na michongoma, na kwenye michongoma kulikuwa na tundu, na ng'ambo ya tundu kulikuwa na ukumbi wa uani wa Bi Mwanaidi. Hadithi yote hii inapita kwenye tundu hilo.

Kamanda alikuwa mbwa wa kahawia mwenye shingo nyeupe, kama mchungaji aliyevaa kola. Baba, ambaye ni fundi wa mashine ya kusaga mkonge shambani, alimleta akiwa mdogo baada ya wezi kutuibia baiskeli, na jina akampa siku ile ile, ili wezi wakisikia anaitwa wajifikirie mara mbili. Kwa wezi alikuwa kamanda kweli. Aliwahi kumpandisha fundi simu juu ya mpapai, na fundi simu hakuwa mwizi, alikuwa ameleta simu. Nyoka alimwua. Pikipiki alizifukuza. Lakini mawingu yakianza kujikusanya upande wa Usambara, hata kabla sisi hatujasikia chochote, Kamanda aliinamisha masikio, akaingia ndani kwa tumbo, akajibana chini ya meza ya mninga na kuanza kutetemeka mpaka vikombe vya juu vikawa vinagongana. Tukisikia vikombe tunajua mvua iko njiani. Mama alisema ni bora kuliko utabiri wa redioni.

Sasa sikieni kilichokuwa kikifuata, maana hapo ndipo kosa lilipolala, na kosa lilikuwa la nyumba nzima. Ngurumo ya kwanza, mama anachomoa televisheni. Ya pili, bibi yangu, mama yake baba, anafunika kioo kwa kanga, anamkataza kila mtu kushika sufuria, na kama umevaa nyekundu unakwenda kuvua. Ya tatu, bibi ananyoosha kidole chini ya meza. "Na huyo atoke. Mbwa anaita radi." Bibi aliamini hilo kama alivyoamini ubatizo. Kule kwao milimani, alisema, kuna mtu alilala na mbwa ndani siku ya mvua, na asubuhi watu walipokwenda walikuta mlango tu. "Mlango tu, bibi? Na ukuta?" nilimuuliza siku moja. "Ukuta ulikwenda naye," akasema, na akanitazama kwa namna ya kunijulisha kwamba ukuta unaofuata ni wangu. Baba hakuwa anaamini sana, lakini mama yake ni mama yake. Alikuwa anafungua mlango wa nyuma, anamburuta Kamanda kwa ngozi ya shingo, anamtoa, anafunga. Tunamsikia akikwaruza mbao. Kisha mvua inashuka, radi inapasua, na kukwaruza kunakoma. Hatukujiuliza anakwenda wapi. Tulikuwa tunakaa gizani na kioo chetu kilichovaa kanga, tunakunywa chai ya tangawizi, tumesalimika.

Alikuwa anakwenda kwa Bi Mwanaidi. Kupitia tundu, moja kwa moja mpaka ukumbini, na miguu yake ya matope, na manyoya yanayotiririka. Bi Mwanaidi alikuwa mjane, anaishi peke yake, anauza vitumbua asubuhi. Mara za kwanza alimfukuza kwa ufagio na hakusema kitu, tukaja kuambiwa na watu wengine. Lakini mwanzoni mwa masika ya mwaka ule alikuwa na hitma ya kumrehemu mumewe. Wageni wamejaa jamvini, masinia yamepangwa ukumbini, wali unangoja kupakuliwa, na mvua ikaja. Kamanda aliingia katikati ya masinia akiwa ameloa chapachapa, akasimama, na akafanya lile ambalo mbwa aliyeloa hulifanya. Alijikung'uta.

Bi Mwanaidi alikuja kwetu siku iliyofuata, jua likiwa bado halijawa kali. Hakukaa kwenye kochi. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, buibui limekunjwa magotini, na akaulizia hali ya kila mtu kwa jina, mpaka ya mama mdogo aliyeko Korogwe. Hapo nikajua mambo ni mabaya. Mtu mwenye hasira ya kawaida hamkumbuki mama mdogo wa Korogwe.

"Baba Beti," akasema, "mimi na wewe ni majirani tangu huyu Beti anatambaa."

"Kweli kabisa, Bi Mwanaidi."

"Sinia moja moja nimelikosha mara saba. Mara moja kwa udongo. Shehe yuko jamvini anaangalia saa, watu wana njaa, na mimi niko uani nakosha. Siku ya kumwombea mume wangu."

Baba aliangalia chini. Mama akaanza, "Dada yangu, tunaomba..."

"Sikuja kugombana, Mama Beti. Ningekuja kugombana ningekuja jana. Nimekuja kuwaambieni nimechoka." Akasimama, akajifunga buibui, akamuaga bibi kwa heshima zote, akatoka. Uji wake aliokaribishwa ukabaki mezani unaota ngozi.

Usiku huo tulikula ugali na kisamvu cha nazi, nakumbuka, kwa sababu kijiko changu kilikuwa kinasikika. Baadaye nilikuwa chumbani, ukuta wetu hauzuii hata mawazo, nikamsikia baba akimwambia mama, "Akiingia kule tena na mvua yake, nampeleka shambani. Walinzi wa kitalu wanataka mbwa." Mama akauliza, "Si ndiko yule wa mwanzo..." "Ndiyo." "Alijinyonga na mnyororo?" "Alikuwa anaogopa radi," baba akasema. Kisha kitanda kikalia, na taa ikazimwa.

Mimi ni mtu wa mzaha. Darasani nilikuwa nimeandikwa kwenye ubao wa wapiga kelele kwa wino usiofutika. Lakini nililala nikiangalia bati na sikupata mzaha hata mmoja. Kitalu cha mkonge nilikijua. Ni uwanja mweupe usio na mti, nguzo moja katikati, mnyororo umefungwa kwenye nguzo. Pale radi haina mahali pengine pa kuangalia. Na masika yalikuwa ndiyo kwanza yameanza.

Nikaanza matibabu. Kwanza nilimvika sweta langu la shule ya msingi, lile lililonibana kwapani, kwa sababu niliwahi kusikia kwamba mtoto mchanga akibanwa nguo hutulia. Kamanda alitulia kweli, kwa aibu. Halafu nikamtia pamba masikioni, akazila. Nikaazima simu ya mama, nikatafuta sauti ya ngurumo, nikamweka Kamanda chumbani kwangu mchana wa jua, nikaifungulia kidogo kidogo, chini chini, na kila ikinguruma nampa dagaa mmoja wa kukaanga. Ilikuwa inafanya kazi! Akawa anaitazama simu kwa matumaini. Basi nikaongeza sauti. Sikujua bibi amelala sebuleni. Nilisikia kigoda kikianguka, nikatoka, nikamkuta ameshafunika kioo, ameshavua kitambaa chake chenye maua mekundu, yuko mlangoni anatazama juu, na juu ni bluu tupu mpaka Amboni.

"Umesikia?" akaniuliza kwa kunong'ona.

"Nini, bibi?"

"Radi kavu. Hakuna wingu. Hiyo ni ya kutumwa." Akamwona Kamanda nyuma yangu anajilamba dagaa mdomoni. "Na nani anaitwa? Huyo! Toka! Toka nyumbani kwa mwanangu!"

Simu ikapigwa marufuku. Jioni bibi aliwaita wanamaombi wa mtaa, wakaimba saa nzima dhidi ya radi ya kutumwa, na mimi nikaitikia kwa sauti kuliko wote kwa sababu dhamiri ilikuwa inaniuma na pia kulikuwa na soda. Ila Kamanda hakuruhusiwa tena kukanyaga sebule, hata siku ya jua. Nilikuwa nimemfungia hata ule mlango mmoja aliokuwa amebaki nao.

Ni katika siku hizo, nikiwa nimekaa naye kwenye ngazi ya nyuma kwa sababu hakuna pengine pa kukaa, ndipo nilipogundua. Ng'ambo ya michongoma Bi Mwanaidi alikuwa anakuna nazi. Mnaijua mbuzi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno. Mtu anakikalia, anashika kifuu kwa mikono miwili, anazungusha. Hrr, hrr, hrr, hrr. Mawingu yalikuwa yanasogea, mbali sana, na Kamanda alikuwa ameshaanza kutetemeka ubavuni kwangu. Sauti ile ilipoanza, ubavu wake ukaanza kutulia. Sikio moja likainuka likaelekea kwenye tundu. Ngurumo ikalia mbali. Sauti ya mbuzi haikukatika. Na Kamanda akashusha pumzi kama mzee anayevua viatu. Nilikaa pale kama nimepigwa na kitu. Hakuwa anakimbilia ukumbi. Alikuwa anakimbilia sauti.

Nikaenda kwa Bi Mwanaidi kwa mlango wa mbele, kama mgeni, nimenawa hadi viwiko. Alikuwa ukumbini na beseni la unga wa mchele.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba. Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Nimeoga."

Akanitazama toka juu mpaka chini, na nikaona pembe ya mdomo ikitaka kwenda mahali, akairudisha. Nikamwambia yote. Kitalu, mnyororo, nguzo, yule mbwa wa kwanza. Aliendelea kukoroga unga. Nilipomaliza akasema, "Mimi sina ugomvi na mbwa, Beti. Mungu kamuumba. Ugomvi wangu na mbwa aliyeloa."

"Kuna tofauti?"

"We mwana, unasoma nini huko shule? Mbwa mkavu akipita kwenye sakafu kavu, kapita. Hakuna cha kukosha. Akiloa yeye, au pakiloa hapo alipogusa, ndipo saba, na udongo. Sasa nyinyi mnanitilia ukumbini mbwa mbichi kila mvua. Mnamtoa nje ya nini hali mvua inakuja?"

"Bibi anasema anaita radi."

"Ati nini?" Akacheka mara moja, kifupi, akaficha mdomo kwa ncha ya mtandio. "Basi mnamtoa kwenu ili aniitie mimi."

Sikuwa nimewahi kulifikiria hivyo. Kwetu tulimtoa mbwa kwa ajili ya imani yetu, na kule alikotua akawa ameshapata maji ya kuvunja imani ya mwenzetu. Nikamwomba anifundishe kukuna kama yeye, nimtulize Kamanda nyumbani. Akanikalisha kwenye mbuzi, akanipa nazi. Nikakuna kwa nguvu na sifa. "Unapiga mswaki wewe," akasema. "Zungusha. Polepole. Sauti iwe moja." Nikazungusha. Akasikiliza, kichwa upande. "Na ikipiga," akasema, "mkono usisimame. Umesikia? Ikipiga ndiyo hasa usisimame."

"Kwa nini, Bi Mwanaidi?"

Alikuwa anaangalia nje, juu ya michongoma. Kisha akasema, "Lakini kwangu asije. Uwaambie. Sitaki kuja tena kukaa kwenye kile kigoda chenu."

Ile siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Baba hakwenda kazini, alikuwa anatengeneza kiti sebuleni, na mnyororo ulikuwa tayari umening'inia kwenye msumari wa mlango wa nyuma. Aliuleta mwenyewe katikati ya wiki na hakuna aliyeuliza ni wa nini. Mchana ukawa mzito. Kuku wa mtaa waliingia mapema. Upande wa milimani anga ilikuwa na rangi ya michubuko, na hewa ilikuwa haitembei. Baba akiwa ameinamia kiti chake, nikamwingiza Kamanda jikoni kwa mlango wa nyuma kimya kimya, mkavu kama kuni, nikafunga dirisha, nikakaa kwenye mbuzi yetu, nikamweka kati ya ukuta na mguu wangu. Nikaanza kukuna. Hrr, hrr. Alikuwa anatetemeka, lakini alikaa. Nilihisi moyo wake kwenye shavu la mguu wangu. Ngurumo ya kwanza ilikuwa mbali, na mkono haukusimama. Nikasikia mama akichomoa televisheni. Ya pili. Nikasikia bibi akivuta kanga. Nikaendelea. Kamanda akaweka kidevu chini.

"Nani anakuna nazi saa hii?" Bibi alikuwa mlangoni mwa jikoni. Akaona chuma. Akaona mbwa. Nadhani kwake ilikuwa kama kumkuta mjukuu wake amekaa juu ya bomu anawasha kiberiti. "Yesu wangu! Chuma na mbwa! Mwanangu! Njoo uone, huyu mtoto anatuua!"

"Bibi, anatulia, mwangalie..."

"Mtoe!"

Baba akaja. Alisimama nyuma ya mama yake, nyundo bado mkononi, anamwangalia Kamanda, ananiangalia mimi, anaangalia nazi. "Beti," akasema polepole, "mtoe."

"Akitoka ataloa, baba. Akiloa atakwenda kule. Akienda kule wewe utampeleka kitaluni, na unajua atakufa. Usiku ule ulimwambia mama. Nilisikia." Nilikuwa nazungusha bado, nilikuwa siioni nazi kwa machozi. "Mwache akae mkavu. Leo tu. Radi ikija inipige mimi."

Baba akafungua mdomo. Sijui alitaka kusema nini mpaka leo, maana hapo ndipo ilipopasuka. Haikuwa ngurumo, ilikuwa kama bati lote la Pongwe limechanwa mara moja, jikoni pakawa peupe, bibi akapiga yowe, na mimi, mimi niliyeambiwa, mkono wangu ukasimama. Ulisimama tu. Nazi ikaniponyoka, meno ya mbuzi yakanichana vidole. Na katika ule ukimya, sauti ya mbuzi ilipokatika, Kamanda aliinuka akapita katikati ya miguu ya bibi, ya baba, akasukuma mlango wa nyuma kwa kichwa, akatoka.

Nilimfuata nikiwa navuja damu vidoleni. Matone ya kwanza yalikuwa yanaanza, mazito, moja moja, yanatoboa vumbi. Nyuma nikasikia mnyororo ukitoka kwenye msumari. Kamanda aliingia kwenye tundu. Nikaingia kwenye tundu, michongoma ikabaki na kipande cha sketi yangu. Na mvua ikaanguka yote kwa pamoja nyuma yetu kama pazia, sisi tukiwa tayari chini ya bati la ukumbi.

Bi Mwanaidi alikuwa kwenye mbuzi. Hakugeuka. Alikuwa amefumba macho, midomo inatembea bila sauti, na mikono inazungusha, hrr, hrr, hrr, hrr. Kamanda alikwenda akalala kushoto kwake, shibiri moja kutoka kwenye kigoda, hakugusa kitu, akaweka kidevu chini. Radi ikapiga tena. Niliona mabega ya Bi Mwanaidi yakiruka. Uso ukakunjamana kama wa mtoto. Lakini mikono haikusimama. Ndipo nikaangalia kifuu alichoshika. Hakikuwa na nazi. Kilikuwa kimeshakunwa mpaka kwenye weusi wake, zamani, na sasa chuma kilikuwa kinakwaruza ganda tupu na kudondosha unga wa kahawia juu ya nazi nyeupe iliyokuwa kwenye beseni. Alikuwa ameiharibu nazi yote ya vitumbua vya kesho na alikuwa bado anakuna.

Nikakaa chini. Sikusema kitu, na mnijuavyo, hilo peke yake lingetosha kuwa kumbukumbu. Mwanamke yule alikuwa anaogopa radi kuliko mbwa wetu. Mtaa mzima una watu wamefunika vioo, na wawili tu ndio waliokuwa wanatetemeka kwelikweli, na mmoja alikuwa amempata mwenzake kwa kusikiliza.

Baba akatokea kwenye tundu akiwa ameloa mpaka mifupa, matope magotini, mnyororo mkononi. Akataka kupanda ukumbini. Bi Mwanaidi akafumbua macho. Akamtazama Kamanda chini, akanyoosha shingo, akamkagua vizuri toka pua mpaka mkia. Akamtazama baba.

"Simama hapo hapo, Baba Beti. Usinikanyagie sakafu."

"Bi Mwanaidi, nisamehe, namchukua sasa hivi, leo leo anakwenda..."

"Umchukue umpeleke wapi? Mbwa mkavu. Aliyeloa hapa ni wewe."

Baba akabaki kwenye mvua, mnyororo unadondosha maji. Nikaona anaangalia lile beseni, na kile kifuu. Baba ni mtu wa mashine. Anajua chuma kikikwaruza patupu kinasikikaje. Alisikiliza kidogo. Kisha akaukunja mnyororo, akautia mfukoni kadiri ulivyoingia, akasema, "Basi nitakutafutia nazi, Bi Mwanaidi. Hiyo imekwisha." Akageuka, akapita kwenye tundu. Alirudi na nazi mbili, kavu ndani ya mfuko wa nailoni chini ya shati, akaziviringisha sakafuni bila kukanyaga. Bi Mwanaidi alinipisha kwenye mbuzi. Mikono yake ilipoachia kifuu ilikuwa imekakamaa, akawa anaifungua kidole kwa kidole. "Kaa," akaniambia. "Mkono usisimame."

Tangu siku ile ikawa ndivyo. Kamanda akiinamisha masikio, au akianza kunusa upande wa milimani, nilimpitisha kwenye tundu kabla ya tone la kwanza, kwenye gunia lake kavu alilowekewa mahali pake, na tunakuna kwa zamu mpaka ipite. Machicha alikuwa anatupiwa kwa mbali, naye anayapokea kwa mbali, wakiwa na adabu zao wawili. Kufikia vuli alikuwa halali tena kifudifudi. Anakaa, masikio yamesimama, anatazama mvua kama mzee wa baraza. Bibi alisema radi imeacha kuja kwetu kwa sababu mwita radi tumempeleka kwa jirani, akamwonea Bi Mwanaidi huruma sana, akawa anamtumia viazi vya Lushoto.

Bi Mwanaidi alihamia Mwera kwa binti yake mwaka jana, magoti yalipoanza kukataa. Nilipofika alikuwa kwenye mkeka uani, amepungua. "Shikamoo, Bi Mwanaidi." "Marahaba. Kamanda hajambo?" Hakungoja hata nikae. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, na mzaha mmoja wa kulainishia, yote yakaniruka. Nikatikisa kichwa.

"Lini?"

"Jana. Mchana."

"Mvua?"

"Jua tupu."

"Alhamdulillahi," akasema. Akanyoosha mtandio magotini, akaukunja, akaunyoosha tena. Tulikula wali na samaki wa kupaka, binti yake akituongelesha habari za masoko, na mimi nikaona anga upande wa bara inabadilika rangi, na nikaona kwamba Bi Mwanaidi alikuwa ameiona kabla yangu. Ngurumo ya kwanza ilikuwa mbali. Akasema bila kunitazama, "Mbuzi iko nyuma ya mlango."

"Mama, tumeshakula," binti yake akasema akicheka. "Nazi ya nini tena?"

"Mletee Beti nazi."

Nikakaa, nikaanza. Alisogea na mkeka wake mpaka karibu na kigoda, upande wa kulia. Kushoto akapaacha wazi. Akachota nazi kidogo kwa vidole viwili, akaiweka pale chini kushoto, mbali kidogo, mahali pa Kamanda. Tukawa tunaiangalia. Akaja kuku, akaila yote, na hakuna aliyemfukuza. Kisha ikapiga, karibu, bati likalia, nikahisi mkono wa Bi Mwanaidi ukishika sketi yangu kwa nguvu.

Mkono wangu haukusimama.